Kung'arisha meno: kliniki au nyumbani? Kwanza jua doa lako limetoka wapi (hasa sisi wa maji ya floraidi)

Mmeru wa Usa (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, nimezaliwa na kukulia Meru, na kazi naifanyia hapa hapa Arusha. Swali ninaloulizwa kuliko yote, sokoni, kanisani, kwenye simu, ni hili: "Dokta, nikang'arishe meno kliniki au ninunue ile dawa ya mtandaoni nijifanyie nyumbani?" Humu jukwaani nako nimeona watu wakilibishania. Mmoja anasema kliniki ni wizi mtupu, mwingine anasema dawa za nyumbani zinaua meno. Wote wameruka hatua ya kwanza, nayo ni kujua doa lenyewe ni la nini. Ndiyo maana nimeamua kuandika kwa urefu. Mwenye haraka anisamehe.

Chai ya rangi, kahawa, sigara, ugoro, miraa na tambuu hupaka jino kwa nje, na hushika zaidi pale penye ugaga, ule uchafu uliogandia kwenye meno ukawa mgumu. Mtu wa namna hii hahitaji kung'arishwa, anahitaji kusafishwa. Ugaga ukitolewa na meno yakasuguliwa kwa brashi ya kliniki, wengi wakijitazama kwenye kioo wanaghairi kabisa habari ya kung'arisha. Bei yake ni ndogo kuliko ya kung'arisha, na hata hospitali za serikali zenye kitengo cha meno wanaifanya kazi hiyo. Anzia hapo, tafadhali. Jeli ya kung'arishia ukiipaka juu ya ugaga umeimwaga bure.

Madoa ya ndani ndiyo yenye kazi. Umri ni mojawapo: enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, inalika kidogo kidogo, na dentini iliyo chini yake, ambayo kwa asili ni ya njano, inaanza kuonekana. Njano hiyo husikia dawa upesi, kwa hiyo hawa ndio wanaotoka na furaha kuliko wote. Jino moja lililogeuka kijivu baada ya kugongwa ni habari nyingine. Mara nyingi hilo limekufa ndani, linatibiwa mzizi kwanza, halafu dawa inawekwa ndani ya jino lenyewe. Waliopewa antibayotiki ya tetrasaikilini utotoni, au mama zao walipoitumia wakiwa wajawazito, wana mistari ya kijivu au kahawia iliyokatiza jino. Hao huvaa jeli miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine zaidi.

Halafu tuko sisi.

Maji mengi yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, na maeneo kadhaa ya Kilimanjaro, Manyara na Singida nayo yamo. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa vyanzo vingine vya maji vilikuwa haba. Siku hizi kiwango cha taifa nacho ni 1.5. Mtoto akinywa floraidi nyingi wakati meno ya utu uzima yanajengwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi kama miaka 8, enameli inajengeka ikiwa na vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Jino linatoka kwenye fizi likiwa na mistari au mabaka meupe kama chokaa. Kahawia inakuja baadaye, rangi ya vyakula na vinywaji inapopenya kwenye vile vitundu. Floraidi ikiwa imezidi sana, enameli inameguka na kuacha vishimo.

Naomba hili lieleweke kwa kila anayesoma: huo si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Nimewaona mabinti wazuri wanaocheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Nimewaona vijana wenye vyeti vizuri waliokatishwa tamaa kuomba kazi ya mapokezi. Wamarekani nao walihangaika na jambo hili hili. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs akakuta wenyeji wana meno ya kahawia asiyoyaelewa, na ilifika mwaka 1931 ndipo mkemia H. V. Churchill alipogundua kwamba ni floraidi iliyomo kwenye maji. Miaka 30 watu walikuwa wakilaumiwa kwa maji waliyoyakuta.

Mgonjwa akikaa kwenye kiti changu, nalikausha jino kwa upepo kabla ya kusema neno lolote. Jino lenye mate linadanganya. Likikauka, mistari myeupe inajitokeza ikiwa imelala sambamba na fizi. Kisha napitisha ncha ya kifaa polepole juu ya doa la kahawia: kikiteleza, enameli ipo, kikikwama, pana kishimo. Matibabu yanaamuliwa hapo. Kahawia iliyo juu ya enameli isiyo na kishimo hupungua vizuri kwa jeli. Baka jeupe haliondoki kwa jeli. Kinachotokea ni jino lililobaki kulikaribia kwa weupe mpaka baka lisishtue jicho. Penye baka gumu kuna njia ya kusugua tabaka jembamba sana la juu kwa asidi hafifu iliyochanganywa na unga wa kusugulia, kazi ya daktari tu. Ipo pia njia ya kunywesha enameli utomvu maalumu unaojaza vile vitundu. Kishimo hakina dawa ya kung'arisha. Kinazibwa kwa dawa ya rangi ya jino, au jino linavalishwa vinia, yaani kigamba chembamba cha rangi ya jino kinachogandishwa upande wa mbele.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Kliniki na nyumbani dawa ni ile ile: haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi ambayo ikifika mdomoni huachia haidrojeni peroksaidi. Inapenya enameli na kuvunja chembe za rangi zilizomo ndani. Kinachotofautiana ni ukali wake, muda unaokaa nayo, na nani anayesimamia. Jeli ya kwenye kiti cha kliniki huwa kati ya asilimia 25 na 40, fizi zinakingwa kwanza, na kwa saa moja hivi umemaliza. Jeli ya trei (kifuniko chembamba cha plastiki kinachovalishwa meno) ya kuvaa usiku kwa kawaida ni kabamaidi ya asilimia 10, sawa na haidrojeni peroksaidi ya kama asilimia 3.5, unaivaa wiki mbili tatu. Njia hiyo ya trei ilielezwa mwaka 1989 na Haywood na Heymann wa Marekani, na mpaka leo ndiyo inayotumika kupimia nyingine.

Jambo ambalo matangazo hayasemi ni kwamba rangi ya mwisho ya njia hizi mbili hukaribiana sana. Ya kiti inakupa haraka. Ile nyeupe ya kushangaza unayotoka nayo mlangoni, sehemu yake ni ukavu, kwa sababu jino limekaa saa nzima bila mate. Likinywa maji tena, baada ya siku chache rangi inashuka kidogo. Waliolipia na kudhani wametapeliwa, wengi wao ni hili limewatokea bila kuelezwa mapema.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kwa meno ya kawaida na kwa mengi ya florosisi (haya madoa ya floraidi) ya kahawia nachagua njia ya katikati: daktari akukague, atoe ugaga, azibe matobo, achukue alama ya meno yako kwa ule unga laini unaogandia mdomoni, akutengenezee trei nyembamba ya plastiki inayokaa kwenye meno yako tu, halafu uende nayo nyumbani. Unaweka jeli kidogo sana, kama ukubwa wa punje ya mchele kwa kila jino, upande wa mbele. Ukibana na ikavuja kwenye fizi, umeweka nyingi; futa kwa kitambaa. Meno yakishika ganzi, pumzika usiku mmoja au miwili, tumia dawa ya meno yenye potasiamu naitreti, kisha endelea. Kwa njia hii uamuzi uko mikononi mwako kila usiku, na ukiona panatosha unaacha. Kwenye kiti jeli ya asilimia 35 ikishaingia, imeingia.

Vya dukani na mtandaoni sivichukii vyote. Vile vipande vya kubandika vya kampuni zinazojulikana hufanya kazi kwa mwenye meno mazima yaliyopangika. Hofu yangu ni chupa zisizoandikwa asilimia, zile trei za kuchemsha na kung'ata ambazo hazimkai mtu yeyote sawasawa, na unga wa mkaa. Mkaa husugua doa la nje na enameli pamoja nalo, na hakuna ushahidi wa maana kwamba unang'arisha jino kwa ndani. Ndimu ndiyo mbaya kuliko vyote. Enameli huanza kuyeyuka kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi (namba ikishuka, asidi ni kali zaidi), na ndimu iko kwenye 2. Florosisi ikipata ndimu, enameli ile yenye vitundu inazidi kulika, na enameli haioti tena.

Maswali karibuni.

Kipepeo Kinondoni

Dokta ubarikiwe sana. Mimi harusi yangu ni Desemba. Kuna saluni wanatengeneza kucha na kope, wana "leza ya meno" ya dakika 30, wanakuwekea taa ya buluu mdomoni. Rafiki yangu alifanya, akatoka mweupe pee, ila alilala na maumivu usiku kucha na fizi zikawa nyeupe. Walimwambia ni kawaida. Ni kawaida kweli? Pia jino langu moja la mbele lilizibwa.

Mmeru wa Usa

Dada, hongera kwa harusi. Fizi kugeuka nyeupe ni kuungua kwa peroksaidi. Kwa kawaida hupona zenyewe ndani ya muda mfupi, lakini maana yake fizi hazikukingwa. Nyingi ya hizo taa si leza, ni taa ya kawaida ya buluu. Kazi inafanywa na jeli, na taa haijathibitika kuongeza kitu cha maana kinachodumu. Mtengeneza kucha hana namna ya kujua kama chini ya jeli kuna jino lililotoboka au lenye ufa. Uingereza kung'arisha meno bila kusajiliwa kama mtaalamu wa meno ni kosa la jinai. Hapa kwetu uliza jina la daktari na usajili wake kwenye Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari mwenye usajili hakasiriki ukimuuliza.

Kuhusu jino lililozibwa: jeli haibadilishi rangi ya dawa ya kuzibia, wala ya vinia, wala ya jino la bandia. Meno jirani yakiwa meupe, hilo litabaki na rangi yake ya zamani na litaonekana kwenye picha. Ng'arisha kwanza, ngoja wiki mbili rangi itulie, ndipo daktari abadilishe ile dawa kwa rangi mpya. Kuna sababu nyingine ya kungoja: peroksaidi inayobaki ndani ya jino huzuia dawa mpya kushika vizuri. Kwa hiyo usianze wiki ya harusi. Jipe miezi miwili.

Mzalendo77

Mleta uzi mimi napingana na wewe, kwa heshima. Babu yangu wa Ngaresero alikuwa na meno ya kahawia na aliyatumia kutafunia nyama mpaka anazikwa. Siku hizi kila mtu anataka meno ya kwenye televisheni. Mtu akiniona Dar anajua huyu katoka Arusha, na mimi sioni aibu. Wazee wetu walisafishia majivu na mkaa na meno yao hayakung'oka. Mnawatia vijana hofu ili walipe.

Mmeru wa Usa

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu aibu niko upande wako. Mtu mwenye meno ya kahawia yaliyo mazima na hayamsumbui, akija kwangu namwambia aende zake kwa amani. Sijawahi kumshauri mtu ang'arishe ambaye hakuniuliza. Lakini yupo anayelala akiwaza picha ya kitambulisho, naye ana haki ya kupewa njia salama kuliko ndimu ya jirani.

Majivu yaliondoa madoa ya nje, ni kweli. Waliosugua kwa nguvu miaka mingi nawaona pia: shingo ya jino, pale linapokutana na fizi, imechimbika mpaka dentini inaonekana, na maji ya baridi hawayagusi. Enameli pale shingoni ni nyembamba kuliko popote.

Na babu wa Ngaresero, kama meno yake yalikuwa na kahawia bila vishimo, hakuwa peke yake kutafuna mpaka uzeeni. McKay aliliona hilo hata Colorado, kwamba meno yale ya kahawia yalikuwa hayaozi ovyo. Wenye vishimo vikubwa ndio ambao hawana bahati hiyo, kwa sababu enameli yao humeguka.

MtuWaNakuru

Habari za jioni. Niko Nakuru, Kenya, na shida ni moja. Huku maji ya visima yana floraidi, na Kanisa Katoliki, Dayosisi ya Nakuru, wamekuwa wakiichuja kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Mimi niliagiza vile vipande vya kubandika mtandaoni. Baada ya wiki moja mabaka yangu meupe yalizidi kuwa meupe, nikawa kama nimepakwa rangi. Nimeacha. Je, nimeharibu meno?

Mmeru wa Usa

Ndugu yangu wa Nakuru, hujaharibu. Hilo ni la kutarajiwa kabisa kwenye florosisi. Baka jeupe hukauka na kung'aa kabla sehemu nyingine ya jino haijabadilika, kwa hiyo siku za kwanza linaonekana zaidi. Ukipumzika wiki mbili sehemu kubwa ya weupe ule inarudi ulipokuwa. Wengine wakiendelea na jeli hafifu, jino zima linalifikia baka na tofauti inafifia. Wengine haifiki, na hapo ndipo zile njia mbili nilizotaja juu zinapoingia, ya kusugua kwa asidi hafifu na ya utomvu wa kujaza vitundu. Ya utomvu inafaa sana mabaka meupe, kwa sababu kitundu kikijaa, mwanga unapita kama unavyopita kwenye enameli nzima na weupe ule unapotea machoni. Si kila kliniki inayo, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda gari. Usajili wa daktari huko kwenu unauangalia kwenye orodha ya baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC.

Swali kwako: mabaka yako ukiyapitisha ukucha ni laini au yanakwaruza?

MtuWaNakuru

Ni laini kabisa. Isipokuwa jino moja la juu kushoto, lina kishimo kidogo cha kahawia.

Mmeru wa Usa

Basi hilo moja lizibwe kwa dawa ya rangi ya jino, na liwe la mwisho baada ya mengine kutulia. Usirudie kupaka peroksaidi mpaka kishimo kikaguliwe. Kama kimefika kwenye dentini, jeli itaingia moja kwa moja na utaruka kwenye kiti.

BintiKiembeSamaki

Asalaam alaykum dokta. Mimi niko Unguja, maji yetu hayana shida hiyo, lakini nilikuwa nikila tambuu na meno yamepata wekundu. Nina mimba ya miezi mitano. Bibi yangu ananambia nisugue kwa msuaki tu. Nifate la bibi ama niende kliniki?

Mmeru wa Usa

Waalaykum salaam. Fuata la bibi, mwanangu, na kliniki uende pia, lakini kwa kusafishwa tu. Wekundu wa tambuu ni doa la nje. Msuaki ukichongwa vizuri, ukatafunwa ncha mpaka nyuzi zake zilainike, ukasugua kwa upole ukielekea mbali na fizi, unafanya kazi nzuri, na Shirika la Afya Duniani liliwahi kuupendekeza kwa jamii zinazoutumia. Kutoa ugaga wakati wa ujauzito hakuna ubaya, na fizi zinazotoka damu miezi hii zinahitaji hivyo. Peroksaidi ya kung'arisha ingoje mpaka ujifungue na umalize kunyonyesha. Si kwamba imeonekana kumdhuru mtoto. Ni jambo lisilo la haraka, basi hakuna sababu ya kubahatisha. Na tambuu yenye tumbaku uiache kwa ajili ya mtoto na ya mdomo wako pia. Hilo nakuambia kwa uzito wote.

Mjomba Leicester

Dokta, mimi nipo Uingereza mwaka wa kumi na nne. Huku jeli isiyozidi asilimia 6 unaipata kwa daktari wa meno tu, na ya kununua dukani haitakiwi kuzidi asilimia 0.1, ndiyo sheria. Dada yangu yuko Tengeru, meno yake ni ya kahawia tangu utoto. Nataka nimtumie jeli niliyobakiza pamoja na trei yangu. Itamfaa?

Mmeru wa Usa

Kaka, moyo wako ni mzuri, lakini trei yako ni ya meno yako. Kwake itapwaya kwingine na kubana kwingine, na jeli itamwagikia fizi na kooni. Jeli nayo haipendi joto. Peroksaidi huvunjika ikikaa kwenye joto, ndiyo maana hata sisi tunaiweka kwenye friji. Ikizunguka mwezi mzima kwenye mizigo, atakachopata ni jeli iliyochoka, na ataongeza kiasi akidhani ametumia kidogo.

Pesa ya posta mlipie ukaguzi. Akaguliwe, apigwe picha ya jino ikibidi, atengenezewe trei yake. Trei ni ya kudumu, akiitunza atainunulia jeli tu miaka ijayo rangi ikirudi, kwa sababu hurudi polepole hasa kwa mnywaji wa chai. Na kama dada yuko Tengeru tangu utoto, kuna uwezekano mkubwa ana mchanganyiko: meno ya mbele kahawia, magego yamemeguka. Magego yashughulikiwe kwanza. Uzuri wa mbele hausaidii kama hawezi kutafuna.

Hiyo sheria ya huko ulivyoieleza ndivyo ilivyo, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi hizo dawa kali kwa ajili ya urembo. Natamani wazazi wengi hapa wangejua hilo.

Kipepeo Kinondoni

Nimepiga simu kliniki mbili. Moja wameniambia nije leo leo nimalize kwa saa moja, hawakuuliza chochote. Nyingine wameniambia nije kukaguliwa kwanza, na kung'arisha ni baadaye. Bei ya ya pili ni kubwa kidogo ukijumlisha usafishaji.

Mmeru wa Usa

Nenda ya pili. Ukifika waombe wakulinganishe rangi kwa ule ubao wa vijino vya mfano kabla ya kuanza, na upige picha kwa simu ukiwa karibu na dirisha, ubao ukiwa kando ya jino lako. Bila hiyo, baada ya wiki mbili macho yanazoea na utadhani hakuna kilichobadilika.

Mama Wawili

Dokta nimesoma uzi wote nikiwa na machozi. Niko Ngarenanyuki. Mwanangu wa kwanza ana miaka 9, meno ya mbele yametoka na kahawia tayari, shuleni wanamwita jina baya. Nimeambiwa kuna dawa ya kupaka. Wa pili ana miezi minne. Nifanyeje? Maji ninachemsha kila siku.

Mmeru wa Usa

Mama, pole sana, na usijilaumu hata kidogo, maji hayo ulikuta.

Wa miaka 9 usimpake dawa yoyote ya kung'arisha. Meno yake ndiyo kwanza yanatoka, sehemu laini ya ndani yenye mishipa bado ni pana, atapata ganzi ya kumliza. Mlete kwa daktari wa meno, hata hospitali ya Mount Meru au KCMC ya Moshi. Kama kweli utani wa shule unamuumiza, kwa meno mawili ya mbele daktari anaweza kusugua lile tabaka la juu kidogo au kuyafunika kwa dawa ya rangi ya jino, kwa muda mfupi na bila kukata jino. Mengine yangoje akue. Na nenda kwa mwalimu wake ukamweleze kwamba ni maji. Walimu wengi wa huku wenyewe wana meno hayo, wataelewa.

Wa miezi minne ndiye bado tunayeweza kumwokoa kabisa, na naomba kila mama wa Ngarenanyuki, Maji ya Chai na Oldonyosambu asome hapa. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji hayo. Mnyonyeshe bila kumpa kitu kingine mpaka afike miezi sita. Hatari inaanza siku utakapompa uji, kwa sababu uji ni maji.

Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Floraidi haiondoki, na maji yakipungua kwenye sufuria inazidi kukolea. Magadi pia usiyatumie kwenye chakula chake, wala kwenye maharage na makande ya nyumba nzima kama unaweza, maana magadi mengi ya huku yana floraidi nyingi mno. Dawa ya meno akifika wakati wake iwe kidogo kama punje ya mchele, na umfundishe kutema.

Mama Wawili

Asante sana dokta. Sasa maji ya uji nitayatoa wapi? Ya dukani siyawezi kila siku.

Mmeru wa Usa

Mama, kwa ajili ya mtoto mmoja huhitaji maji mengi, na hapo ndipo pana unafuu. Uji na maji ya kunywa ya mtoto wa mwaka mmoja hayafiki hata lita mbili kwa siku. Ya kufulia na kuogea endelea na hayo hayo ya bomba, floraidi haipiti kwenye ngozi.

Kama una bati, maji ya mvua ndiyo jibu, karibu hayana floraidi kabisa. Mvua ya kwanza iache ioshe bati, kinga inayofuata, funika chombo, na hayo sasa yachemshe kwa ajili ya vijidudu. Pipa la lita 200 likijaa ni zaidi ya miezi mitatu ya mtoto mmoja. Kama huna bati, pale Ngurdoto pana kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi. Waulize kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa vya nyumbani. Kichujio hicho huchoka, mkaa unabadilishwa, kwa hiyo ukikichukua uliza siku ya kwanza kabisa mkaa mwingine unapatikana wapi na baada ya muda gani. Kuna pia vichujio vya Dk. Askwar Hilonga, yule wa Taasisi ya Nelson Mandela aliyeshinda tuzo ya wahandisi Afrika mwaka 2015. Sehemu nyingine vimewekwa kwenye vibanda, watu wananunua maji kwa ndoo. Ulizia kama kuna kibanda karibu nawe.

Una miezi miwili kabla ya uji. Nitumie ujumbe wa faragha uniambie uko kitongoji gani na kama nyumba ina bati, tuone kipi kinawezekana kabla mvua hazijaanza.